Fasihi ya Matangani Isiachwe Langoni mwa Shule

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule yoyote ya Kisumu maana ya majigambo, naye atakujibu bila kutafuta maneno: ni utungo wa kujisifu ambao mtu hujitungia mwenyewe kutokana na tendo la kishujaa. Atakutajia sifa zake tano na umuhimu wake mara nne, tena kwa nambari za Kirumi. Mwulize mbolezi, atakwambia ni nyimbo za huzuni ziimbwazo msibani. Mwulize miviga, mwulize maigizo, hatasita. Kisha mwulize swali moja dogo: pakruok aliyoisikia Jumamosi iliyopita matangani kwao ni kipera gani cha fasihi simulizi? Hapo kijana huyo atakutazama kana kwamba umemwuliza bei ya ng'ombe kanisani.

Kosa si lake. Tumemfundisha kwamba fasihi simulizi ni jambo lililoandikwa ubaoni, lenye fasili, sifa na dhima, na kwamba linaishi katika kurasa za kitabu cha marudio. Hatujamfundisha kwamba analo nyumbani kwao. Matokeo yake ni kwamba anaufaulu mtihani wa fasihi ya wenzake huku akiwa mgeni katika fasihi yake mwenyewe. Hoja ninayotaka kuitoa mbele ya walimu na wanafunzi ni hii: matanga ya Waluo katika mwambao wa Ziwa Viktoria ni jukwaa kamili la ushairi na tamthilia, na shule isipoichukua fasihi hiyo na kuitenda darasani, si kuifafanua tu, haitapita miaka mingi kabla ya kubaki na fasili zisizo na kitu cha kufasiliwa.

Tuanze na neno lenyewe, pakruok. Katika Dholuo, pako ni kusifu. Kiishio -ruok huonyesha kwamba tendo linamrudia mtendaji au linatendwa baina ya watu. Puonjo ni kufundisha na puonjruok ni kujifunza; hero ni kupenda na herruok ni kupendana. Basi pakruok ni kujisifu na ni kusifiana, yote mawili kwa pamoja. Tukilifasiri neno hilo kuwa "majigambo" tu, tunashika nusu moja na kuiacha ya pili, na hiyo nusu inayoachwa ndiyo yenye roho ya utungo.

Maana pakruok haisemwi na mtu aliyesimama peke yake kilimani. Mpiga nyatiti ameketi juu ya kigoda kifupi. Ala yake ya nyuzi nane imelazwa ubavu, pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu inagonga ukingo wa ala na kutia mdundo, njuga zinalia mguuni. Mara mmoja wa wasikilizaji anainuka na pesa mkononi. Muziki unasimama. Kimya kile amekinunua, naye anakitumia atakavyo. Hajitaji kwa jina la kitambulisho. Anajitaja kwa kwao, kwa wajomba zake, kwa rafiki zake na kwa majina ya sifa aliyojipa au aliyopewa, akijifananisha na mnyama, na mto, na mvua ya masika. Pengine anamgusa mpinzani wake kwa fumbo ambalo mgeni hatalifahamu. Akiisha, muziki unapokewa, na mpigaji hodari huyafuma majina yale katika wimbo wake. Hapo yule aliyeguswa naye anainuka, na pesa zake mkononi.

Ili mwalimu aone utajiri uliomo, na achukulie mfano huu niliouunda mwenyewe. Kijana wa Dunga anajiita ngege aliyeuona wavu akaupigia makofi. Mwenzake wa Kendu Bay anamjibu kwamba yeye ni moto, na kwamba ngege wote, wajanja kwa wajinga, hukutana naye kikaangoni. Katika sentensi mbili hizo mna istiari, mna tashihisi, mna kejeli, na mna malumbano yenye hoja na jibu. Zaidi ya hayo mna jambo ambalo vitabu vyetu hulisahau: jibu halikuandaliwa jana. Limetungwa papo hapo, kwa kufuata istiari ya mpinzani na kuigeuza impige mwenyewe. Ni kipaji kinachohitaji sikio, kumbukumbu na wepesi wa ulimi. Je, hicho si ndicho tunachokitafuta kwa mwanafunzi wa ushairi?

Kutoka kwenye ushairi twende kwenye maigizo. Anapofariki mwanamume mwenye heshima yake, mila huamuru tero buru, yaani, kwa tafsiri ya neno kwa neno, kupeleka vumbi. Wanaume hukusanya ng'ombe, hujivika majani na ngozi, hushika mikuki, ngao na marungu, na kwenda mbio hadi mpakani au nyikani kukifukuza kifo. Huko hushambulia adui asiyeonekana. Hurusha mikuki, hupiga kelele za vita, hukimbia mbele na nyuma, kisha hurudi nyumbani wakiimba na ng'ombe wao, vumbi likiwa limetanda. Hapa pana wahusika, pana maleba, pana vifaa, pana mgogoro, na jukwaa lake lina urefu wa kutoka boma hadi mpaka wa ukoo. Mhusika mkuu, ambaye ni kifo, haonekani kamwe, na hata hivyo kila mtazamaji anajua amesimama wapi.

Mwaka 1970 mtaalamu Ruth Finnegan, katika kitabu chake mashuhuri kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama bara hili lilikuwa na tamthilia ya kienyeji kwa maana iliyozoeleka Ulaya. Wasomi wengi wa Kiafrika walimjibu kwa makala marefu. Mimi naona tero buru ni jibu la kutosha. Ila jibu hilo lina sharti: tuache kupima kila igizo kwa pazia na viti vya ukumbini.

Kuna tatizo jingine katika namna tunavyofundisha. Vitabu vyetu hukatakata fasihi kama muuza samaki akatavyo mbuta: kichwa huku, mkia kule, minofu kwenye sinia. Mbolezi zinafundishwa katika sura ya nyimbo, majigambo katika sura ya ushairi, miviga katika sura ya maigizo, ulumbi katika sura ya mazungumzo. Matangani mambo hayo yote ni kitu kimoja. Nduru inapolia alfajiri kutangaza kifo, onyesho limefunguliwa. Maombolezo ya wanawake, pakruok ya usiku, tero buru, hotuba za kaburini na hadithi za maisha ya marehemu ni sehemu za tamthilia moja ndefu yenye mwanzo, kilele na mwisho. Mwanafunzi aliyefundishwa vipande hawezi kumtambua samaki akimwona anaogelea.

Wakati mwingine hata vipande hivyo si vya kwao. Tunamkaririsha mtoto wa Kiluo kwamba nyiso ni nyimbo za jandoni. Ni kweli, na ni vizuri azijue. Lakini jadi ya Waluo ya kumvusha mtoto katika utu uzima haikuwa tohara. Ilikuwa kung'oa meno sita ya taya la chini. Ni mwalimu gani anayemwuliza mtoto huyo, kwa nyongeza, wazee wake walivukishwaje na waliambiwa maneno gani?

Msomaji asidhani kwamba ninadai jambo jipya. Mji wa Kisumu ulikwisha kuonyesha njia. Mwaka 1968, Okot p'Bitek, yule mshairi wa Gulu ambaye lugha yake ya Kiacholi ni ndugu ya Dholuo, alikuwa akifanya kazi hapa katika idara ya masomo ya nje ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa Chuo Kikuu Kishiriki. Alianzisha Tamasha la Sanaa la Kisumu, akazileta ngoma na nyimbo za vijijini mbele ya watu wa mjini. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wao wa Nairobi wakitaka fasihi simulizi ya Mwafrika iwe katikati ya masomo, si pembeni. Kwa hiyo somo ambalo leo mwanafunzi analikariri lilizaliwa na watu waliotaka litendwe.

Wala hatuna upungufu wa maandishi. Paul Mboya alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, akaweka humo desturi za Waluo kwa lugha yao. B. Onyango-Ogutu na Adrian Roscoe walitoa mkusanyo wa fasihi simulizi ya Waluo mwaka 1974. Marehemu Asenath Bole Odaga, mwandishi na mchapishaji wa hapahapa Kisumu, alitoa Thu Tinda! mwaka 1980, akikipa kitabu jina la maneno ambayo msimulizi wa sigana hufungia hadithi yake. Kisa cha Lwanda Magere, shujaa wa Kano ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini, kilifanywa tamthilia na Okoiti Omtatah, ikachapishwa mwaka 1991. Vitabu vipo. Kilichokosekana ni mwanafunzi kusimama na kutenda.

Naomba sasa msomaji avuke nami bahari, kwani kuna taifa la mbali lililokuwa na jambo kama letu na likajua la kufanya. Nchini Ufilipino, Watagalogi walikuwa na mchezo wa kishairi uitwao duplo. Mchezo huo ulichezwa matangani, hasa usiku wa tisa baada ya kifo. Wanaume na wanawake waliketi wakitazamana, na mmoja akafanywa mfalme. Hudaiwa kwamba ndege wa mfalme amepotea, na mmoja wa waliohudhuria hushtakiwa kwa wizi. Mshtakiwa sharti ajitetee kwa mashairi, na mwingine aweza kumtetea au kumkandamiza, kwa mashairi vilevile. Anayeshindwa hutozwa adhabu ndogo, pengine kumsomea marehemu dua. Palikuwa na mchezo mwingine uitwao karagatan, neno ambalo maana yake ni bahari, ambamo vijana walishindana kwa mashairi kuhusu pete ya binti mfalme iliyozama majini. Nao pia ulikuwa mchezo wa mkesha wa matanga. Watu hao hawakuona ajabu kwamba kifo na ushairi vilale chumba kimoja.

Mwaka 1924 washairi wa Manila walikutana kupanga namna ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Francisco Balagtas, mshairi wao mkuu aliyezaliwa mwaka 1788 na kutunga utenzi wa Florante at Laura, uliotoka mwaka 1838. Wangaliweza kuandaa hotuba, na hotuba zingalisahauliwa kesho yake. Badala yake waliuchukua ule ubishi wa duplo, wakautoa matangani, wakaupandisha jukwaani na kuuita balagtasan. Tarehe 6 Aprili 1924, Jose Corazon de Jesus na Florentino Collantes walishindana mbele ya watu, hoja kwa hoja na ubeti kwa ubeti. Ushindani huo ulipendwa, ukaenea nchini, na hadi leo wanafunzi wa Ufilipino hushindana kwa balagtasan shuleni. Duplo yenyewe imefifia vijijini, lakini roho yake haikuzikwa, kwa kuwa ilikwisha kupewa nyumba nyingine.

Hata katika Kiswahili chetu tunao mfano. Malumbano ya washairi wa Mombasa ni ya kale. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 au karibu na hapo, alijulikana kwa kuwajibu wapinzani wa mji wake kwa mashairi. Baadaye, nchini Tanzania, Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliuchukua ushairi wa kujibizana akaukuza kuwa ngonjera, nazo zikaingia shuleni hadi kila mtoto akajua kusimama na kumjibu mwenzake kwa mizani. Lakini ngonjera zinatupa onyo pia. Zilitumiwa mno kueneza siasa na mawaidha, hata mara nyingi msikilizaji akajua mshindi kabla ya ubeti wa kwanza. Pakruok ikiingia shuleni isigeuzwe wimbo wa kumsifu mgeni rasmi. Pakruok isiyochoma ni ngege asiye na mwiba, haiaminiki.

Najua yatakayosemwa dhidi ya rai hii. Wako watakaodai kwamba matanga yamekuwa mzigo: gharama zinafilisi wajane, na zile disko matanga, ambazo serikali imezipiga marufuku mara kadhaa, zimewapotosha watoto. Hayo siyakatai. Wala simwombi mwalimu yeyote awapeleke wanafunzi kukesha. Nasema kinyume chake: tuitoe fasihi gizani, tuilete mchana chini ya mwembe wa shule. Mtoto asiyeipata pakruok kwa mwalimu ataitafuta kwenye vipaza sauti vya usiku, na huko hatakuta mtu wa kumweleza tofauti ya istiari na tusi.

Wako watakaosema kwamba tero buru ni ushenzi usiopatana na imani. Kulisoma igizo si kuliabudu. Tunawafundisha watoto tamthilia ya Wayunani, ambayo ilikulia katika sherehe za mungu wao Dionysus, na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika kwamba mwanawe amegeuzwa kafiri. Iweje basi igizo la babu yake liogopwe kuliko la mgeni?

Wengine watauliza: hili ni somo la Kiswahili, Dholuo inaingiaje? Na mwalimu aliyetoka Kitui au Kwale atafanyaje? Jibu ni jepesi. Pakruok ni umbo, na umbo hubebeka. Mwanafunzi aitunge kwa Kiswahili. Katika darasa moja la Kondele au Nyalenda utamkuta Mluo, Mluhya, Mkisii na Mnubi. Mluo atueleze tero buru, na mwenzake wa Isukha au Idakho atueleze shilembe, ambamo mafahali huongozwa msibani kwa kishindo. Mbukusu atueleze kumuse, hotuba ya hekima inayotolewa baada ya maziko. Mwalimu mgeni hahitaji kujua yote. Anahitaji kuuliza vizuri na kusikiliza, na ugeni wake utakuwa faida, kwa kuwa wanafunzi watalazimika kumweleza kwa Kiswahili sanifu yale waliyozoea kuyachukulia hivihivi.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila muhula mwanafunzi akusanye utungo mmoja kutoka kwa mtu wa kwao, kwa idhini yake, auandike kwa lugha ya asili na kwa Kiswahili, na jina la msanii liwekwe katika daftari la shule. Fanani ana haki ya kutajwa kama mwandishi wa kitabu. Pili, katika tamasha za drama za shule na vyuo, ambazo zimekuwapo tangu mwaka 1959 na tayari zina nafasi ya masimulizi na mashairi ya kukariri, kuwe na shindano la pakruok ya papo kwa papo kwa Kiswahili, wawili wakijibizana na mpigaji ala akiwapokea. Tatu, shule inapomwita mpiga nyatiti au orutu, imlipe. Sanaa hii tangu jadi ilikuwa ya malipo. Kimya chake kilinunuliwa. Kumshukuru msanii kwa soda moja ni kumwambia mwanafunzi kwamba kazi ile haina thamani. Nne, tusitahini fasili peke yake. Mtaala wa umilisi ulioingia madarasani mwaka 2019 unajinadi kuwa wa kutenda. Hapa ndipo pa kuthibitisha, kwa kumpa alama mwanafunzi aliyetunga na kujibu, si yule tu aliyekariri sifa tano.

Tusipofanya hivyo, wengine watafanya. Eriko Mukoyama alitoka Japani akaenda Siaya kujifunza nyatiti, akapewa jina la Anyango, na leo anaipiga duniani, ingawa jadi ala hiyo ilikuwa ya wanaume. Ni jambo la kupongezwa. Lakini ni shule ngapi za Siaya na Kisumu zenye nyatiti hata moja ukutani? Ayub Ogada, aliyeifikisha ala hiyo katika majukwaa ya mbali, alifariki nyumbani Nyahera mwaka 2019. Tuliomboleza sana. Tungaliomboleza vyema zaidi kama katika kila shule jirani pangalikuwa na mtoto mmoja anayejua kuzifunga nyuzi nane.

Anayedhani kwamba lugha na fasihi haviwezi kufa kando ya maji haya na awatazame Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano. Watu wapo, majina ya koo yapo, lakini wengi wao leo huzungumza Dholuo, na nyimbo za babu zao zimebaki kwa wazee wachache.  Ilitosha kwamba mtoto hakuulizwa.

Walimu wenzangu, Jumatatu ijayo kabla ya kuandika fasili ubaoni, waulizeni. Nanyi wanafunzi, msingoje kuulizwa. Yuko bibi au mzee nyumbani ambaye maneno yake hayamo katika kitabu chochote cha marudio. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umetandikwa matangani kila Jumamosi, na sisi tunaukanyaga tukienda kukariri jina lake.